Ushauri na Imani ya Mwanafunzi

Mnamo 1945, serikali ya kikoloni ilimtia Elijah Masinde wa Kimilili, Bungoma, mwasisi wa Dini ya Msambwa, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alitoka 1947. Ukaidi wake kwa Wazungu ulihesabiwa wazimu.

Walimu wenzangu, nasi je? Hapa Kitale msichana mmoja aliniambia kwamba marehemu nyanyake humwita usiku. Mimi Mkristo, mwenye cheti cha ushauri nasaha, nikaharakisha kukemea pepo. Akaninyamazia wiki tatu. Nilipomwuliza yeye mwenyewe aielewavyo sauti ile, alilia, akasema hajalala vyema tangu mazishi. Tulikwenda hospitalini. Maombi yalifuata baadaye, kwa hiari yake, tena kwa Kibukusu cha nyanyake.