Zabibu Kali za Baba

Katika mwaka wa 597 kabla ya Kristo mfalme wa Babeli alimchukua Yehoyakini, mfalme wa Yuda, pamoja na wakuu na mafundi, akawahamisha mpaka nchi yake. Miongoni mwao alikuwamo kuhani Ezekieli, ambaye aliitwa kuwa nabii huko huko uhamishoni, kando ya mto Kebari.

Wahamishwa hao walikuwa na methali juu ya baba waliokula zabibu kali na wana walioingiwa na ganzi menoni. Mtu aliyetafuna embe bichi aijua ganzi ile. Maana yake: wazee wetu walikosa, nasi twalipa. Wala hawakuisema bure, kwa kuwa Kitabu cha Pili cha Wafalme chenyewe chataja makosa ya mfalme Manase, aliyekwisha kufa miaka mingi, kuwa sababu ya maangamizi ya Yuda.

Katika sura ya 18, Ezekieli aikataza methali hiyo. Aleta watu watatu wa nyumba moja, kama katika shauri la barazani. Babu ni mwenye haki. Humrudishia mwenye deni rehani yake, huwalisha wenye njaa. Mwanawe ni mnyang'anyi na mwuaji. Mjukuu ameyaona mabaya ya baba yake, asiyatende. Basi mwana hataokolewa kwa wema wa mzee wake, wala mjukuu hatakufa kwa uovu wa baba.

Je, dhambi ya baba haimdhuru mtoto? La, yamdhuru sana. Waliozaliwa Babeli walikuwa uhamishoni kweli kweli. Jambo hili twalitambua sisi wa Kibondo na Kasulu, walikokimbilia watu wa Burundi mwaka 1993, na wa Kongo waliopokewa katika kambi ya Nyarugusu tangu 1996. Mtoto wa kambini hubeba msiba wa vita asivyovianzisha. Lakini msiba ni mbali, na hatia ni mbali. Kumwita mwuaji kwa ajili ya baba yake, au kumnyima binti mchumba kwa kuwa mama yake alisingiziwa uchawi, ni kuirudisha methali ile.

Nabii aliongeza kwamba mwovu akigeuka ataishi. Watu wakanung'unika kuwa njia ya Bwana si sawa. Nadhani methali ile, ijapokuwa chungu, ilikuwa ngao yao, maana ni nani awezaye kutubia makosa ya marehemu? Katika sura ya 33 hawawataji tena baba zao. Wazitaja dhambi zao wenyewe, kisha wauliza wataishije.