Mwangwi, Fimbo na Mwendo wa Mtu Asiyeona

Vitabu vya fizikia vya sekondari hufundisha kwamba mwangwi hausikiki mbali na sauti iliyouzaa mpaka kizuizi kiwe umbali wa mita 17 hivi. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Sikio huhitaji kama sehemu moja ya kumi ya sekunde ili kutenganisha sauti mbili, na sauti husafiri hewani kwa kasi ya karibu mita 340 kwa sekunde. Kwenda na kurudi mita 17 ni mita 34. Hata hivyo, mtu asiyeona aliyezoea kutembea peke yake huutambua ukuta ulio mbele yake kwa mita moja au mbili, akasimama au akapinda kabla ya kuugusa. Ukimwuliza ameujuaje, huenda akajibu kwamba ameuhisi usoni. Je, vitabu vimekosea, au mtu huyo ana hisi ambayo sisi wengine hatuna?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1749 mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot aliandika habari za mtu asiyeona aliyepima ukaribu wa vitu kwa jinsi hewa ilivyomgusa usoni. Kwa muda mrefu baada ya hapo wataalamu walizungumzia “kuona kwa uso”, wengine wakidhani kwamba ngozi ya shavu hupokea mgandamizo mdogo wa hewa. Kwetu husemwa kwamba Mungu akimnyima mja macho humwongezea masikio. Maelezo hayo yote yana kasoro moja: yanaifanya kazi ya mtu asiyeona kuwa kipawa, na kipawa hakifundishiki.

Jibu lilipatikana katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwa majaribio ya Michael Supa, Milton Cotzin na Karl Dallenbach yaliyochapishwa mwaka 1944. Supa mwenyewe alikuwa haoni. Watu wanne, wawili wasioona na wawili wenye kuona waliofungwa macho, waliuendea ukuta au ubao uliosimamishwa mbele yao, wakatakiwa kusema pale walipoutambua. Kwanza walifunikwa uso kwa kitambaa kizito ili hewa isiwafikie ngozini. Waliendelea kuutambua ukuta. Kisha uso uliachwa wazi, masikio yakazibwa. Wote wanne waligonga. Mwishowe likafanywa jaribio ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zuri kupita yote: mtu aliketi katika chumba kingine akiwa na visikizi masikioni, na mtafiti akauendea ukuta huku ameshika kinasa sauti. Kwa kusikiliza tu, mtu yule aliyeketi aliweza kueleza ni lini mtafiti alipoukaribia ukuta. Ngozi yake haikuwapo hata chumbani. Hisi ya uso, basi, ilikuwa kazi ya sikio ambayo mwenyewe hakuitambua kuwa ni ya sikio.

Turudi sasa kwenye mita 17. Kitabu hakikukosea, kinazungumzia mwangwi unaosikika peke yake kama sauti ya pili. Ukuta ukiwa mita moja mbele, sauti husafiri mita 2 na kurejea baada ya kama elfu 6 za sekunde, yaani sehemu 6 katika 1,000. Sikio haliwezi kuitenga, lakini sauti mbili zinapochanganyika mawimbi yao huingiliana: mengine huongezeana nguvu, mengine huzimana. Kwa umbali wa mita moja, mitetemo inayoongezewa nguvu ni ile ya 170 kwa sekunde pamoja na vigawe vyake. Kwa nusu mita ni 340, na kwa robo mita ni 680. Kila umbali unapopungua kwa nusu, mvumo huo hupanda na kuwa mwembamba maradufu. Mtu hasikii mwangwi, bali husikia kwamba vishindo vya viatu vyake vimebadilika rangi, tukiruhusiwa kusema hivyo. Mwaka 1950 Cotzin na Dallenbach walionyesha kwamba sauti nyembamba sana, za mitetemo kama 10,000 kwa sekunde, ndizo zifaazo zaidi. Sababu yamkini mwanafunzi ameshaiona: urefu wa wimbi la namna hiyo ni sentimita 3.4 tu, na wimbi fupi hurudishwa vizuri hata na kitu chembamba, ambapo wimbi refu hukizunguka na kwenda zake.

Tusilipite jambo moja katika majaribio ya Cornell. Wale wawili wenye kuona hawakuweza kazi hiyo siku ya kwanza, bali waliiweza baada ya mazoezi. Masikio yao hayakubadilika. Kilichobadilika ni namna walivyoyatumia. Ni kweli kwamba kutumia ujuzi huu kwa miaka mingi huacha alama katika ubongo. Mwaka 2011 Lore Thaler na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wawili wasioona waliokuwa hodari wa kupiga ulimi na kusikiliza mwangwi, wakaona kwamba sehemu ya ubongo ambayo kwa wengi wetu hushughulikia kuona ndiyo iliyofanya kazi mwangwi ulipofika. Lakini hata ubongo huo ulifika hapo kwa kufundishwa na kuzoezwa.

Hapa ndipo jambo hili linapomhusu mwalimu moja kwa moja. Katika shule zetu nyingi mwanafunzi asiyeona husoma nukta nundu akafaulu mitihani, na bado huongozwa na mwenzake kwenda bwenini, chakulani na hata msalani. Kijijini, mjukuu huacha masomo ili ashike ncha ya fimbo ya babu yake. Watu husema ni huruma. Mimi naona ni somo lililokosa kufundishwa.

Fimbo yenyewe ina historia fupi kuliko watu wanavyodhani. James Biggs wa Bristol, Uingereza, mpiga picha aliyepoteza macho, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe mwaka 1921 ili madereva wamwone. Rangi, basi, ni kwa ajili ya wenye kuona. Fimbo ya kutafutia njia ilikuja baadaye, Marekani, mwaka 1944, pale Richard Hoover alipokuwa akiwafundisha askari waliopofuka katika Vita vya Pili vya Dunia. Aliirefusha ifike kifuani, akaifanya nyepesi, na akaweka kanuni: ncha huchora tao lenye upana uzidio mabega kidogo, nayo hugusa chini kushoto wakati mguu wa kulia unapotangulia, na kulia wakati wa kushoto. Kwa hiyo mahali mguu utakapokanyaga huwa pamekwisha kupimwa. Onyo hilo halizidi sekunde moja, lakini latosha kusimama ukingoni mwa mtaro. Mtetemo wa fimbo huuambia mkono kama pana lami, changarawe au bati, na mlio wa ncha yake hutoa sauti ile nyembamba ambayo mwangwi unaihitaji.

Fimbo haijui yaliyo juu ya kiuno. Tawi la mwembe, kioo cha lori na bango la duka hukutana na uso kabla ya kitu kingine chochote. Mvua juu ya mabati hufuta mwangwi wote, na pikipiki za umeme, zinazoonekana sasa Nairobi na Kigali, hupita bila ngurumo iliyomwonya mtu zamani. Tena kuna tatizo la kwenda moja kwa moja. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake walionyesha kwamba watu waliofungwa macho katika uwanja mpana huzunguka bila kujijua, nyakati nyingine katika duara la mita 20 tu. Ndiyo maana mtu asiyeona hufuata ukuta au ukingo wa barabara, na avukapo husikiliza magari yaendayo sambamba naye. Adhana ya msikiti, mashine ya kusaga na kondakta anayeita abiria kituoni vyote ni alama katika ramani yake. Setilaiti za simu humtajia mtaa, lakini hukosea kwa mita kadhaa, na mtaro haukusubiri mita kadhaa. Hali kadhalika vigae vyenye vinundu, alivyobuni Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965 na kutandikwa Okayama mwaka 1967, havimsaidii mtu ikiwa mitumba imepangwa juu yake.

Wengi wanaohitaji elimu hii wana uoni hafifu. Mmoja huona vizuri mchana, jioni asione ngazi. Mwingine husoma gazeti lakini haoni gari lijalo ubavuni. Jirani humwona na gazeti mkononi asubuhi na fimbo usiku, akamwita mwongo. Mstari wa rangi ya manjano kwenye ukingo wa kila ngazi ya shule ungewafaa hao, kwa gharama ya kopo moja la rangi.

Anayetaka kusaidia njiani aulize kwanza: “Shikamoo mzee, nikusaidie?” Akikubaliwa, atoe kiwiko kishikwe, wala asimvute mtu kwa mkono wala kuishika fimbo, kwa maana ni sawa na kumziba macho mwenye kuona.

Jaribio hili lafaa kufanywa darasani. Mwanafunzi afunge macho na kutoa mlio wa “shhh” mfululizo, huku mwenzake akisogeza sinia polepole kuelekea uso wake, kisha akiliondoa, bila kusema. Wengi husikia tofauti sinia likiwa karibu sana, na umbali huo huongezeka kwa mazoezi. Pimeni kwa rula, andikeni vipimo kumi, kisha badilisheni sinia kwa mto. Mto humeza sauti nyembamba. Linganisheni vipimo vya mto na vya sinia.