Kandanda ya Thika na Ruiru: Mfadhili Akiondoka, Nani Atalipa?

Barazani kwetu Mombasa, baada ya sala ya Isha, hakuna neno la kuwasha moto kama mpira wa Uingereza. Siasa zina wenyewe na bei ya unga hukasirisha, lakini mpira ni wa kila mtu. Mwezi wa Novemba 2023, iliposikika kwamba Everton imekatwa pointi 10, mzee wetu mmoja aliyeipenda timu ile tangu ujana wake aliirudisha finjani yake siniani bila ya kuinywa.

"Kwani wamemwibia nani?" akauliza.

Akajibiwa kuwa hawakumwibia mtu. Wametumia fedha kupita kiasi walichoruhusiwa, basi.

Mzee akacheka kicheko cha uchungu. "Yaani siku hizi mtu huadhibiwa kwa kutumia mali yake mwenyewe?"

Muuza kahawa akatikisa dele lake, sote tukanyamaza. Nami ninayejidai kujua mambo kwa kuwa naandika gazetini, usiku ule sikuwa na jibu. Jibu nilikuja kulipata mbali na pwani, huko Thika na Ruiru, nilikokwenda si kwa ajili ya mpira wa Waingereza, bali kumtafuta mpwa wangu.

SHERIA YENYEWE

Kwanza tuijue sheria, tusije tukaihukumu kwa kusikia. Katika Ligi Kuu ya Uingereza, Everton walihukumiwa kwa kanuni iliyosema kuwa hasara ya klabu isizidi pauni milioni 105 kwa miaka 3. Walikata rufaa, na Februari 2024 adhabu ikapunguzwa ikawa pointi 6, kisha mwezi wa Aprili wakaongezwa nyingine 2 kwa kosa la namna hiyo hiyo. Nottingham Forest nao walikatwa pointi 4 mwezi wa Machi mwaka huo huo.

Bara la Ulaya lilitangulia. Shirikisho lao, UEFA, lilipitisha kanuni zake mwaka 2010, likazibadili mwaka 2022. Sasa mishahara ya wachezaji na makocha, gharama za kununulia wachezaji na malipo ya mawakala wao hupimwa kwa mapato. Msimu wa 2023/24 zisizidi asilimia 90, msimu uliofuata 80, na kuanzia 2025/26 zisizidi 70. Klabu isiwe na deni la mshahara lililopitwa na siku yake. Lakini fedha za kulea vijana na za kujenga uwanja hazihesabiwi kuwa kosa, kwani huko ni kupanda, si kula.

Sheria haizuki bure. Portsmouth walitwaa Kombe la FA mwaka 2008, na mwaka 2010, wakiwa bado katika Ligi Kuu, wakawekwa chini ya msimamizi wa mufilisi. Bury, klabu iliyoasisiwa mwaka 1885, ilifukuzwa ligini Agosti 2019 kwa kushindwa kuthibitisha kuwa ina fedha za kuendeshea msimu. Miaka 134 ikafungwa kwa kufuli, na watu wazima wakalia langoni.

Wapo wanaolaumu, nao wana hoja. Wasema sheria hii humlinda mkubwa, kwani mwenye mapato makubwa huruhusiwa matumizi makubwa, na mdogo huambiwa akae pale pale alipo. Ni kweli. Lakini hiyo ni taabu ya wenye nacho. Sasa na tupande matatu twende kwetu.

MAZIWA NA MAFUTA

Toka Nairobi hadi Thika ni mwendo wa kilomita arobaini na kitu, kwa ile barabara pana iliyokamilika mwaka 2012, na Ruiru iko njiani. Hapo zamani pande zote mbili zilikuwa kahawa tupu. Sasa Ruiru ni majumba ya ghorofa yanayoota kama uyoga, na Thika ni mji wa viwanda. Mtu wa pwani akishuka pale jambo la kwanza kumpiga ni baridi, la pili ni mabomba ya moshi.

Na panapo viwanda hapakosi timu. Thika United iliitwa na waandishi wa michezo "watu wa maziwa", kwa kuwa mfadhili wake alikuwa Brookside, kampuni ya maziwa yenye makao yake Ruiru. Bidco United, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020, inalibeba jina la kampuni ya Thika itengenezayo mafuta ya kupikia. Basi utaona kuwa mpira wa kule ulitiwa maziwa ukakaangwa kwa mafuta. Sisemi haya kwa kejeli. Bila ya viwanda vile vijana wengi wasingeonekana. Michael Olunga, ambaye baadaye alicheza Sweden, Hispania, Japani na Qatar, mwaka 2014 alikuwa Thika United kwa mkopo.

Lakini Thika United ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2018, na Ligi Kuu haijarudi. Nilipita kando ya uwanja wa Thika mchana wa jua. Watoto walikuwa wakicheza na mpira uliokwisha ngozi. Nilimuuliza mmoja anaishabikia timu gani. Akanijibu, "Arsenal."

MPWA WANGU

Mpwa wangu nilimkuta Ruiru. Klabu yake siitaji, wala si mojawapo ya hizi nizitajazo kwa majina. Alitoka Mombasa akiwa na miaka 20, mguu wake wa kushoto ukisifiwa mtaa mzima, na dada yangu akamfanyia hitima na kumpikia wali.

"Shikamoo, mjomba," akanipokea.

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Akatabasamu tu. Chumba kimoja, vijana 5, magodoro 2 na jiko la mafuta ya taa. Siku za kazi alikuwa mtu wa mjengo, akibeba mawe na zege katika hayo maghorofa niliyoyasema, na Jumamosi alikuwa mshambuliaji. Mshahara aliupata miezi 4 ya mwanzo. Kisha mfadhili akapata hasara katika biashara zake, na kila Ijumaa wachezaji wakaambiwa wasubiri wiki ijayo. Wiki zile zikawa miezi 7. Mkataba ulikuwa karatasi moja, nayo ilibaki kwa viongozi.

Akaniletea kidaftari cha shule. Ndani ameandika kwa mkono wake mwezi, kiasi alichoahidiwa, kiasi alichopewa. Safu ya tatu ilikuwa sufuri zimepangana kama shanga za tasbihi. Nilisoma chuoni, maalim wetu akatufundisha kwamba Mtume (s.a.w.) ameusia mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la kijana huyu lilikauka zamani, likawa chumvi.

Kisha akaniambia jambo ambalo mama yake hakuwa akilijua. Usiku mmoja alipigiwa simu na mtu asiyemjua, akiahidiwa fedha ya miezi 3 ikiwa atakosa mabao siku ya Jumapili.

"Ukasemaje?"

"Nilikata simu, mjomba. Lakini sikulala."

Wallahi nami usiku ule sikulala. Mwaka 2021 FIFA iliitoa Zoo FC ya Kericho katika Ligi Kuu yetu kwa kosa la kupanga matokeo ya mechi. Wengi tuliwalaani wachezaji kwa jumla, ilhali hatukuuliza mshahara wao ulikuwa unaingia lini. Simtetei mwenye kuuza mechi. Nasema kuwa mnunuzi wa mechi anajua mlango gani una njaa, naye hubisha hapo.

SHERIA TUNAZO

Msomaji asidhani kuwa Afrika hatuna sheria. Shirikisho la Soka Barani Afrika, CAF, lina utaratibu wa leseni za klabu, na klabu hutazamwa katika mambo 5: mchezo wenyewe, uwanja, watendaji, sheria na fedha. Mwaka 2017 Shirikisho la Soka Kenya liliwaondoa Ligi Kuu Sofapaka, waliokuwa mabingwa wa 2009, pamoja na Muhoroni Youth, kwa kushindwa kutimiza masharti ya leseni. Klabu zikaenda kushitaki, zikarudishwa. Mwaka 2023 Gor Mahia walitwaa ubingwa wao wa 20, lakini hawakupata leseni ya kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu ya madeni ya watu waliokwisha kuwafanyia kazi. Klabu kubwa kuliko zote nchini ikabaki nyumbani na kombe lake. Watu waliona fedheha. Mimi niliona kwamba walau mara moja daftari limehesabiwa sawa na bao.

Hapo ndipo tunapotofautiana na Ulaya. Kule ugonjwa ni tajiri mwenye kumwaga fedha nyingi mno. Kwetu ugonjwa ni klabu kusimama juu ya nguzo moja. Nakumatt FC ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, wakati maduka yaliyoipa jina yanaporomoka. Mwaka 2018 ikauzwa, ikaitwa Mount Kenya United, na mwaka uliofuata ikashuka. SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ilifukuzwa ligini mwaka 2019 baada ya kushindwa kufika katika mechi 3. Mwaka huo huo serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kamari, na SportPesa, iliyokuwa ikiifadhili Ligi Kuu pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards, ikakatiza ufadhili wake wote kwa mpigo. Sisi hatuhitaji fatwa mpya kuijua fedha ya kamari. Lakini hata ukiweka kando halali na haramu, fedha iwezayo kuondoka yote kwa siku moja si ya kujengea nyumba.

Na tusiwacheke wa bara. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965. Leo nenda Makadara ukamuulize kijana kama amewahi kuisikia. Bandari wamesalia kwa kuwa nyuma yao ipo mamlaka ya bandari, na siku mamlaka ile itakapobadili nia, sijui tutajificha wapi.

KAHAWA YA RUIRU

Lipo jambo moja la Ruiru ambalo sisi wanywa kahawa tungepaswa kulijua. Ruiru 11, kwa mwenye kusikia jina tu, ni kama timu ya mpira, kumbe ni mbegu ya kahawa. Watafiti wa kituo cha Ruiru waliitoa mwaka 1985, ili mkulima apate mti unaohimili kutu ya majani na ugonjwa wa chule bila ya kumwaga dawa kila mara. Hawakukaa wakimngoja mfadhili wa dawa. Walianzia kwenye mbegu.

Klabu nazo zianzie hapo. Kabla ya filimbi ya kwanza ya msimu, kila klabu ionyeshe fedha za mishahara ya msimu mzima zimekwishawekwa mahali, na kila mchezaji awe na nakala ya mkataba wake mkononi. Asiyeweza kulipa wachezaji 25 acheze daraja analoliweza. Hiyo si aibu, aibu ni miezi 7. Na daftari likitunzwa, lina malipo yake. Kanuni za FIFA zasema kuwa mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu alizochezea toka miaka 12 hadi 23. Msimu mmoja wa kijana wa miaka 20 ni nusu ya asilimia moja. Kwa bei ya dola milioni moja hizo ni dola 5,000, haki ya klabu ndogo, bila ya kumpigia mfadhili magoti. Lakini hulipwa mwenye kuthibitisha kwa maandishi kwamba kijana alikuwa wake.

Nilirudi Mombasa na mpwa wangu. Sasa asubuhi hufanya kazi dukani, jioni hufundisha watoto mpira, na kile kidaftari bado anacho. Njiani aliniuliza, "Mjomba, hizo sheria za Ulaya zingenilipa mimi?" Nikamwambia zisingemlipa. Zingemzuia yule bwana asimwajiri kwa fedha asiyokuwa nayo.

Na mzee wetu wa barazani jibu nilimpelekea. Nilimwambia kuwa tajiri anapotumia mali yake hana wa kumlaumu. Lakini anapoondoka, mali huondoka naye, na deni huliacha kwa wasiokuwa na kitu. Hapo ndipo sheria inapoingia. Alifikiri kitambo, kisha akaomba finjani ya pili, nami nikamtungia ubeti huu:

Mchezaji uwanjani, alipwe ujira wake,
Jasho li bado mwilini, usingoje likauke,
Mfadhili ni mgeni, mwenye timu ajishike,
Kombe la fedha za deni, halikosi kesho yake.