Ukitupa ganda la ufunguo, waweza kulala mpakani

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ufa, na ukuta nikaujenga vilevile.

Ganda la ufunguo wa gari langu dogo la Kijapani lilikuwa limepasuka tangu mwanzo wa muhula. Nililifunga kwa utepe, utepe ukachakaa, nikaongeza mwingine. Siku moja ya soko niliegesha gari Busia upande wa Uganda, nikavuka kwa miguu kwenda upande wa Kenya. Huko nikamkuta kijana mwenye kibanda cha simu na saa. Kwa bei ya chakula cha mchana alinitolea ganda jipya linalong'aa. Akahamisha ule ubao mdogo wa vitufe, akahamisha na upanga wa ufunguo, akafunga skrubu. La zamani akalitupa chini kwenye takataka.

Shemeji yangu, mfanyabiashara wa samaki, alikuwa akinisubiri garini na makasha mawili ya ngege waliofunikwa kwa barafu. Tulikuwa tunakwenda Tororo, safari isiyofika saa moja. Nilibonyeza rimoti, milango ikafunguka. Nikazungusha ufunguo, injini ikaunguruma kidogo, ikazima. Nikarudia. Ikazima tena.

Vijana wakaja kusukuma. Fundi wa kwanza akasema ni betri, wa pili akasema ni pampu ya mafuta. Kila mara nilimwambia shemeji, "Dakika kumi tu." Giza likaingia, matatu zikapungua, barafu ikayeyuka. Asubuhi aliwauza samaki wale kwa bei ya kutupa, na mtaji wenyewe ulikuwa mkopo wa chama. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu.

Siku ya pili ndipo alipokuja fundi wa funguo, mtu mzima asiye na maneno mengi. Hakufungua boneti. Alitazama taa ndogo nyekundu iliyokuwa ikipepesa kwenye dashibodi, akaomba ufunguo, akalifungua ganda na kunionyesha mahali patupu. "Mwalimu, chipu iko wapi?"

Chipu ilibaki kwenye ganda la zamani. Nilivuka mpaka mbio. Kijana wa kibanda alinionyesha jivu: takataka za jana zilichomwa jioni.

Vitu viwili katika mkono mmoja

Ndugu msomaji, wengi wetu tunadhani ufunguo wenye vitufe ni kitu kimoja. La. Ndani yake mna vitu viwili visivyotegemeana. Cha kwanza ni rimoti, inayofungua na kufunga milango. Hiyo hutumia betri ndogo ya duara, mara nyingi ya volti 3, kama ile iitwayo CR2032. Cha pili ni chipu, kidude kinachoweza kuwa kidogo kama punje ya mchele, ambacho hakina betri kabisa.

Chipu hupata nguvu kutoka kwenye gari lenyewe. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna pete ya waya. Unapozungusha ufunguo, pete hiyo huiamsha chipu, nayo chipu hujibu kwa namba ya siri. Kompyuta ya gari hulinganisha jibu hilo na kumbukumbu yake. Likipatana, injini huwaka. Lisipopatana, kompyuta huzuia mafuta au cheche, na gari huwa sanduku la chuma.

Mtindo huu ulienea kwa sababu ya wizi wa magari. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliufanya kuwa lazima kwa magari mapya kuanzia mwaka 1998. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 yaliyofika kwetu kupitia Mombasa hayakuwa nao, ndiyo maana wazee wanakumbuka siku ambapo fundi wa jua kali alichonga ufunguo kwa tupa na gari likaondoka. Siku hizo zinapita. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, nayo Kenya haipokei magari ya mtumba yaliyozidi miaka minane. Gari linaloingia leo lina uwezekano mkubwa wa kuwa na chipu.

Kwa hiyo ufunguo ukigoma, jiulize kwanza nini kimekufa. Milango haifunguki kwa rimoti lakini injini inawaka? Badilisha betri, au kagua vitufe. Milango inafunguka lakini injini inakataa, na taa yenye picha ya ufunguo au kufuli inapepesa? Shuku chipu kabla ya kumlipa mtu wa pampu. Wenye magari ya kubonyeza kitufe wasitishike betri ya rimoti ikiisha: mara nyingi ndani ya rimoti mna upanga mdogo wa kufungulia mlango, na katika magari mengi ukiigusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, injini huwaka.

Tena usinunue rimoti sokoni kwa kutazama sura. Rimoti za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia masafa ya takriban megahazi 315, na nyingi za Ulaya hutumia 433. Zinaweza kufanana kama mapacha na zisisikilizane na gari lako.

"Kitabu cha gari kiko wapi?"

Nilidhani shida yangu imekwisha kwa kumpata fundi. Yeye alieleza kwamba kama ningekuwa na ufunguo wa pili unaofanya kazi, kazi ingekuwa nyepesi: kuchonga upanga na kuifundisha kompyuta chipu mpya. Bila ufunguo hata mmoja, huenda ikabidi aifungue kompyuta ya gari na kusoma kumbukumbu yake, na gharama hupanda. Nilikubali. Ndipo akaomba logibuku na kitambulisho.

Logibuku ilikuwa na jina la mtu mwingine. Nilinunua gari kwa mwenzangu aliyerudi kutoka Kenya kama mimi, tukaandikiana karatasi, tukapeana mkono. Kuhamisha jina niliahirisha miaka miwili. Fundi akarudisha vyombo vyake mfukoni. "Leo nakuonea huruma wewe, kesho namtengenezea mwizi ufunguo."

Nilikasirika. Kijana mmoja alinivuta pembeni, akasema ataunganisha waya na kuiruka kompyuta bila maswali. Nusura nikubali. Lakini mtu anayeweza kuliwasha gari lako bila karatasi leo ataliwasha usiku bila wewe.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikamkumbuka marehemu baba. Tuliondoka Tororo mwaka 1987, wakati wa vita, nikiwa mtoto mdogo. Nilisoma Kenya, magharibi, chini ya mfumo wa 8-4-4. Baba hakuvuka na godoro wala sufuria. Alivuka na mfuko wa nailoni wenye kadi zetu za ubatizo na za kliniki, kwa kuwa alijua kwamba ugenini mtu asiye na karatasi hana mtoto, hana shule, hana nyumba. Kwa mfuko ule niliandikishwa darasa la kwanza. Na mimi, mtoto wa mtu yule, nilikuwa nimeendesha miaka miwili gari lisilo langu kwenye karatasi.

Mwenye jina alikuja siku ya tatu na kitambulisho chake. Fundi alifanya kazi mchana kutwa. Bei ilizidi nusu ya mshahara wangu wa mwezi.

Fanya haya kabla ya msiba

Kwanza, ukinunua gari la mtumba dai funguo mbili. Magari mengi hufika na moja. Likija na moja, tengeneza wa pili mapema, uache nyumbani kwa mtu unayemwamini.

Pili, tafuta kibati kidogo chenye namba ya ufunguo kinachotoka na gari jipya. Ukikipata, kiweke pamoja na karatasi zako na si kwenye ufunguo, kwa maana namba hiyo humwezesha fundi kuchonga upanga bila kuona wa zamani.

Tatu, ukibadilisha ganda, liwashe gari mbele ya fundi kabla ya kulipa. Kama gari liko mbali, ondoka na ganda la zamani mfukoni.

Nne, ufunguo ukipotea au kuibwa toa taarifa polisi, kisha mwambie fundi aufute ule wa zamani kwenye kumbukumbu ya gari. Kutengeneza mpya bila kufuta wa zamani ni kumwachia aliyeuokota mlango wazi.

Tano, na hasa kwa sisi tuliorudi na tunaouziana magari kwa kuaminiana: hamisha jina wiki ile ile. Urafiki hauwashi injini.

Gari sasa lina jina langu. Shemeji nimemrudishia mtaji wake kwa mafungu matatu, la mwisho nikalipeleka mwenyewe hadi kwenye kikao cha chama chake. Bado tunasafiri pamoja siku za soko. Kabla hajapakia kasha hata moja, husimama mlangoni na kuniuliza, "Mwalimu, chipu iko?" Nami huliwasha kwanza, ndipo anapakia.