Muuguzi Mpya Katika Idara ya Dharura

Mgonjwa anayezidiwa usiku huko Pasiansi hufika hospitali kwa njia yoyote iliyo karibu. Mmoja hupakiwa katika bajaji, mwingine katika gari la jirani, mwingine hubanwa juu ya bodaboda kati ya dereva na ndugu yake, wakishika barabara itokayo uwanja wa ndege kuelekea mjini, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando. Ni wachache wanaoletwa na gari la wagonjwa lenye mtaalamu ndani. Kwa hiyo, mara nyingi mtaalamu wa kwanza kumpokea mgonjwa huyo ni muuguzi wa idara ya dharura. Ikiwa muuguzi huyo amehitimu hivi karibuni, maandalizi aliyopewa yanaweza kuamua kama mgonjwa ataiona asubuhi.

Tiba ya dharura ni fani changa nchini Tanzania. Idara ya kwanza ya umma yenye huduma kamili za dharura ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2010. Kutokana na uchanga huo, hospitali nyingi bado hazina wauguzi wengi waliobobea katika fani hii na wawezao kuwalea wenzao wapya.

Chuoni na wodini, na hapa

Mhitimu wa shahada ya uuguzi hupitia utarajali wa mwaka mmoja, lakini muda wake katika kila idara ni mfupi. Wodini humkuta mgonjwa akiwa na faili, utambuzi na maagizo ya daktari. Katika idara ya dharura mgonjwa huja kabla ya hayo yote. Mwaka 1974 mwanazuoni wa uuguzi wa Marekani, Marlene Kramer, aliandika juu ya mshtuko unaowapata wauguzi wapya wanapokuta kazi halisi haifanani na waliyofundishwa. Miaka kumi baadaye Patricia Benner alieleza kwamba muuguzi hukua kwa hatua, kutoka mwanagenzi anayefuata kanuni hadi mbobezi anayeiona hali nzima kwa mtazamo mmoja. Kumwacha mwanagenzi peke yake katika zamu ya usiku ni kumdai ubobezi ambao hajapata nafasi ya kuujenga.

Mambo ya kuanza nayo

Maelekezo mema huanza na vifaa. Kila zamu, muuguzi mpya na mlezi wake hukagua toroli la dharura pamoja: ambu na barakoa za saizi zote, mtungi wa oksijeni, mashine ya kufyonza makohozi, kipimo cha sukari, na tarehe za mwisho za dawa. Lengo ni mkono wake ujue kila kitu kilipo hata gizani, umeme unapokatika.

Hatua ya pili ni triaji, yaani kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Katika mfumo uliobuniwa Afrika Kusini, mwekundu huhudumiwa papo hapo, wa machungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja, na wa kijani ndani ya saa nne. Rangi ni rahisi kukariri. Kugumu ni kutopotoshwa na kelele. Kijana aliyevunjika mkono hupiga mayowe, na ndugu zake huyapaza zaidi. Kando yake mama amekaa na mtoto mwenye malaria kali, amelegea mgongoni, kimya. Muuguzi aliyeandaliwa humfuata mtoto kwanza: hutazama njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu na ufahamu, kisha hupima sukari, kwa kuwa kushuka kwake kunaweza kumuua mtoto bila kelele yoyote.

Hatua ya tatu ni dawa za hatari. Kloridi ya potasiamu isiyozimuliwa kamwe haisukumwi mshipani. Mtu mzima mwenye mzio mkali huchomwa adrenalini nusu miligramu kwenye msuli wa paja. Ile miligramu moja ya mshipani ni ya moyo uliosimama. Agizo la mdomo hurudiwa kwa sauti kabla ya kutekelezwa, na anayelitilia shaka huuliza. Hapo ndipo mlezi hupimwa: anayemkaripia mwanagenzi kwa kuuliza humfundisha kunyamaza, na kosa linalofuata humwangukia mgonjwa.

Baada ya kifo au ufufuaji mgumu, dakika kumi za mazungumzo ya timu zina thamani kubwa. Lipi lilikwenda vema, lipi lilichelewa, nani ameumia moyoni? Muuguzi asiyepewa nafasi hiyo hubeba maiti ya kwanza hadi nyumbani, na wengine huomba uhamisho kabla hawajakomaa.

Wajibu wa mgonjwa na ndugu

Ndugu waelezwe mapema kwamba foleni ya dharura haifuati saa ya kufika. Nao waje na dawa anazotumia mgonjwa au maboksi yake, wataje muda dalili zilipoanza na mzio wowote unaojulikana, na wasifiche dawa za mitishamba alizokunywa. Hali ikibadilika wakiwa bado wanasubiri, akianza kupumua kwa shida, kutetemeka au kutoitika, wamwite muuguzi tena mara moja. Kwa muuguzi mgeni kazini, taarifa hiyo ni msaada, wala asiichukulie kuwa usumbufu.