Alizeti tupu inavyomuua kasuku wako polepole

Kila asubuhi ni yaleyale. Bakuli linajazwa alizeti, kasuku anapasua moja baada ya nyingine, anapiga mluzi, anaita majina ya watu wa nyumbani. Mwenye nyumba anaondoka kwenda kazini akijua ndege wake ameshiba.

Ni kweli ameshiba. Ila kwa kasuku, kushiba ni jambo moja na kulishwa ni jambo jingine. Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 hadi 60. Wengi hawafiki huko, na mojawapo ya sababu kubwa ni hilo bakuli la alizeti.

Porini anakula nini?

Kwao ni misituni, kuanzia Afrika Magharibi, kupitia Kongo na Uganda, hadi magharibi mwa Kenya. Anakula matunda, njugu, maua na machipukizi. Lakini chakula anachokifuata sana ni chikichi, tunda lilelile linalokamuliwa mawese.

Anachotafuna zaidi ni ile nyama ya nje yenye rangi ya chungwa. Rangi hiyo inatokana na beta-karotini, na mwili wake huigeuza kuwa vitamini A. Sasa linganisha na alizeti: karibu nusu ya uzito wa punje iliyomenywa ni mafuta, kalisi ni kidogo, na vitamini A ni kama hakuna. Kwa hiyo ndege aliyeumbwa kula mawese anawekwa kwenye kizimba na kunyimwa kile hasa alichokuwa akikipata msituni.

Vitamini A ikipungua, ngozi laini ya ndani ya pua, mdomo na njia ya hewa inakauka na kuwa ngumu. Vijidudu vinapata mlango. Dalili zake ni kupiga chafya mara kwa mara, pua kutoa majimaji, kuvimba kando ya macho, au madoa meupe mdomoni. Wengi hudhani ni mafua tu ya baridi.

Upungufu wa kalisi nao unamwandama sana kasuku wa kijivu kuliko kasuku wengine wengi. Anaanza kutetemeka, anaanguka kutoka kwenye kijiti, wakati mwingine anapata degedege. Hapo si suala la kubadilisha chakula tena. Ni kumkimbiza kwa daktari wa mifugo.

Mbona nampa mchanganyiko?

Hili ndilo linalowapoteza wengi. Ukimwekea mtama, mahindi, karanga na alizeti pamoja, atachagua alizeti na karanga, vingine atavitupa chini. Mchanganyiko ni wa kwenye bakuli, si wa tumboni.

Karanga zenyewe ni za kuangalia. Zikihifadhiwa kwenye unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo hushambulia ini. Kama karanga huwezi kuila wewe, usimpe ndege.

Cha kumpa kipo sokoni

Madaktari wa ndege hupendekeza chakula maalumu cha vidonge kilichochanganywa virutubisho vyote. Tatizo ni kwamba kwa wengi ni ghali au hakipatikani karibu. Chakula cha kuku si mbadala wake. Kimepimwa kwa mahitaji ya kuku, na vingine vimetiwa dawa.

Habari njema ni kwamba genge la mboga lina mengi. Fuata rangi: karoti, boga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa, pilipili hoho nyekundu, papai, embe. Hata pilipili kali anakula bila shida, kwa sababu ndege hawausikii ule ukali unaotuunguza sisi. Tena pilipili nyekundu ina beta-karotini ya kutosha.

Kwa kalisi, sukuma wiki ni bora kuliko mchicha, maana mchicha una asidi inayozuia kalisi hiyo kutumika mwilini. Wanaokaa pwani wanaweza kumwekea lile gamba jeupe, jepesi, la ndani ya ngisi alitafune. Atolewe juani pia, kwenye sehemu yenye kivuli cha kukimbilia, kwani bila vitamini D mwili haunyonyi kalisi vizuri. Jua la kupitia kioo cha dirisha halitoshi.

Githeri, au makande kwa Watanzania, ni mlo mzuri pia. Mchotee yake kabla hujatia kitunguu na chumvi, na maharage yawe yameiva kabisa. Alizeti zibaki kuwa zawadi, punje chache kwa siku.

Usibadilishe ghafla

Kasuku aliyezoea alizeti miaka kumi anaweza kuiona karoti na asijue kama ni chakula. Ukiondoa alizeti zote siku moja ukisema "njaa itamfundisha", anaweza kufa kwa njaa bakuli likiwa limejaa.

Mpe mboga asubuhi, akiwa na njaa, kisha mbegu zake baadaye, na upunguze mbegu kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kata karoti vipande tofauti: nyembamba, vinene, vya kuning'inia kwenye kizimba. Kula naye. Kasuku ni ndege wa kundi, na akikuona unatafuna kitu kwa raha, atakitaka. Mabaki ya mboga yaondolewe baada ya saa chache, kwani joto letu huyachachisha haraka.

Cha kumnyima kabisa

Parachichi. Kwa kuwa miti yake iko kwenye nyua nyingi huku kwetu, hatari iko karibu. Lina sumu inayoitwa persini inayoharibu moyo wa ndege, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Nyama, ganda, kokwa, hata majani, vyote asipewe.

Mwingine wa kuepuka ni chokoleti, kahawa, pombe, kitunguu, vyakula vya chumvi nyingi na mbegu za tufaha.

Mpime

Kasuku huficha ugonjwa. Porini, ndege anayeonekana mnyonge huliwa kwanza, hivyo atajikaza hadi dakika ya mwisho. Bakuli nalo hudanganya: linaonekana limejaa, kumbe ni maganda matupu. Yapulize uone.

Kinachosema kweli ni mizani ndogo ya jikoni. Mpime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla hajala, na uandike. Kasuku wa kijivu huwa na gramu 400 hivi. Akipungua gramu 40, usisubiri kesho.