Chunjua la Farasi Si la Kukwangua

Mwaka 1936, mtafiti Jackson wa Afrika Kusini alieleza uvimbe mmoja wa ngozi ya farasi na kuupa jina la sarkoidi. Leo hakuna uvimbe wa ngozi unaowapata farasi wengi kama huu, na punda nao hawakusalimika. Chanzo chake ni jirani wa zizini, ng'ombe. Virusi vya papiloma vinavyomwotesha ng'ombe machunjua, hasa aina ya 1 na ya 2, huingia katika ngozi ya farasi na kuvuruga ukuaji wa seli. Machunjua ya ng'ombe mara nyingi hupukutika yenyewe, sarkoidi hung'ang'ania. Nzi ndio wanaoshukiwa kuvisafirisha virusi hivyo, na uvimbe hupenda kuota palipopata jeraha au penye ngozi laini: kifuani, kinenani, masikioni, pembeni mwa jicho.

Sura zake zinadanganya. Kuna sarkoidi iliyo kama baka lililonyonyoka manyoya, ungeapa ni choa. Nyingine ni chunjua lenye magamba, au kidonge kigumu kinachoteleza chini ya ngozi ukikibonyeza. Iliyo mbaya ni nyama nyekundu iliyo wazi, inayovuja damu.

Hapo ndipo daktari wa mifugo anapokuna kichwa. Ili awe na uhakika, inambidi akate kipande kipimwe maabara. Lakini sarkoidi iliyotulia ikichokozwa huweza kuwaka. Wazoefu hukagua mwili mzima kwa macho na vidole kwanza, na wakikata, tiba iko tayari. Kuondoa uvimbe kwa kisu tu hakutoshi, maana seli zinazosalia ukingoni huuotesha upya, pengine ukiwa mkali zaidi. Kwa hiyo hutumika leza, ubaridi wa nitrojeni ya kimiminika, sindano za dawa ya saratani sisplatini, au krimu zinazounguza seli.

Tiba ya kushangaza zaidi ni BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu wanayodungwa watoto wachanga Dar es Salaam na Mombasa. Hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe ili kinga ya mwili igutuke na kuushambulia. Karibu na jicho hufanya kazi vizuri. Miguuni haina sifa hiyo. Tena sindano za kurudia zaweza kumletea farasi mshtuko wa mzio, hivyo hutanguliziwa dawa za kuuzuia.

Farasi wa kijivu wana balaa lao. Huzaliwa weusi au wekundu, wakabadilika kuwa weupe kwa miaka. Mwaka 2008, kundi la Leif Andersson wa Uppsala, Sweden, lilionyesha kwamba kipande kilichojirudia katika jeni ya STX17 ndicho kinachowang'arisha, na ndicho kinachowaletea melanoma, uvimbe wa seli za rangi ya ngozi. Wanaopita umri wa miaka 15, takriban 7 au 8 kati ya 10 huwa nayo, aghalabu chini ya mkia. Desturi ya kuiacha mpaka isumbue ni mbovu: ikiwa ndogo kama njegere huondolewa kwa urahisi, ikishaziba njia ya haja ni kazi nyingine.

Kwa mwenye farasi, basi: ukiona uvimbe mpya, usiukwangue wala kuupaka dawa ya kubahatisha. Upige picha pamoja na rula, andika tarehe, umwite daktari.